Kumleta mbwa mzee kwenye nyumba yenye mtoto mdogo: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Wazazi wenye mtoto mdogo wakianza kufikiria kufuga mbwa, mawazo yao hukimbilia kitoto cha mbwa: watakua pamoja, watazoeana. Kwenye picha wazo hilo linapendeza. Nyumbani, kitoto cha mbwa kina meno kama sindano, kinatafuna kila kitu, kinakojoa ovyo na kung'ata vidole kwa mchezo, na kinafanya hayo yote katika miezi ileile ambayo mtoto wako naye hawezi kuachwa peke yake. Isitoshe, hakuna ajuaye kitakuwa mbwa wa namna gani kikishakomaa.

Mbwa aliyekwisha kula chumvi nyingi hana siri hiyo. Umbo lake unaliona, nguvu zake unaziona, na kama watoto humkera, mara nyingi yupo mtu anayelijua hilo. Faida hii ni kubwa, ila inamfaa tu mzazi aliye tayari kuuliza na kutazama kabla ya kusema "tunamchukua". Wala swali la kuuliza si kama mbwa ni mpole. Karibu kila mbwa anayetafutiwa nyumba husifiwa kuwa mpole. Uliza hivi: anafurahia watoto, au anawavumilia tu? Anayevumilia ana kikomo, na kwa mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo kikomo hicho kiko karibu zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 1: Pima nyumba yako kabla ya kumpima mbwa

Kaeni watu wazima wote wa nyumbani na mgawane kazi waziwazi. Nani atamtoa mbwa alfajiri? Nani atampeleka kwa daktari? Jioni mtoto anapolia, chakula kiko jikoni na mbwa anataka kutoka nje, nani atashika nini? Mtoto asihesabiwe kwenye mgao huu, hata akiapa kwamba atamtunza. Kama jibu la kila swali ni mtu yuleyule mmoja, na mtu huyo tayari hapati usingizi, ahirisheni.

Mbwa mzee hahitaji kukimbizwa. Anahitaji matembezi mafupi mara mbili au tatu kwa siku, kutolewa haja mara kwa mara, na mahali pa kulala bila bughudha, kwa kuwa hulala zaidi ya nusu ya siku. Anachozidi kudai kuliko mbwa kijana ni matibabu. Wekeni akiba ya daktari kabla hajafika.

Uzee wenyewe hutegemea umbo. Mbwa wengi wadogo huishi miaka 12 hadi 16, kwa hiyo mwenye miaka 7 kati yao bado ana nguvu zake. Wale wakubwa sana, kama Great Dane, wengi hawavuki miaka 10, na mwenye miaka 6 tayari ni mzee. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo mimi ningemtafuta mbwa wa umbo la kati mwenye miaka 6 hadi 9: utukutu wa ujana umekwisha, na udhaifu mkubwa wa uzeeni bado haujaanza.

Kisha tazama umri wa mtoto. Mchanga ambaye hajaanza kutambaa hamsumbui mbwa kwa lolote zaidi ya kilio. Kazi huanza anapotambaa, na huendelea hadi anapoanza kuelewa na kufuata maagizo rahisi, yaani miaka mitatu au minne. Katika kipindi hicho mtoto yuko kimo kimoja na uso wa mbwa, hushika manyoya ili ajiinue, humwangukia, na hajui maana ya "basi". Si kwamba haiwezekani kumleta mbwa wakati huo. Inawezekana, mradi nyumba iwe na vizuizi vya kweli na mtu mzima awe macho. Kama mnatarajia kujifungua ndani ya miezi michache, subirini. Na kama kuna mtu mwenye pumu au mzio nyumbani, tumieni saa kadhaa mara kadhaa kwenye nyumba yenye mbwa kwanza, muone atakavyokuwa.

Hatua ya 2: Mhoji anayemtoa

Awe mtu binafsi, awe mhudumu wa kituo cha kutunzia wanyama, usimwache aseme tu "hana shida na watoto". Kauli hiyo inaweza kumaanisha kwamba mbwa ameishi na watoto watatu kwa miaka sita, na inaweza kumaanisha kwamba hajawahi kumwona mtoto kwa karibu. Omba matukio, si sifa:

- Kwa nini anatolewa, na amekaa na nani hapo awali?
- Ameishi na watoto wa umri gani? Walipomkaribia, alienda kwao, alibaki palepale, au aliondoka?
- Amewahi kunguruma, kuonyesha meno au kuuma? Nini kilitokea dakika moja kabla?
- Mtu akipita karibu na bakuli lake, au akishika kitu anachotafuna, hufanya nini?
- Akishtuliwa usingizini je? Akiguswa makalio, masikio, miguu?
- Anatumia dawa gani, na mara ya mwisho alichanjwa lini dhidi ya kichaa cha mbwa? Cheti kiko wapi?

Aliyewahi kumuuma mtoto, hata kama ngozi haikutoboka, hafai nyumba yako. Hapo hakuna mjadala, na huruma isikuponze. Anayenguruma akisogelewa kwenye chakula pia simshauri mtu mwenye mtoto anayetambaa amchukue, ingawa kwa watu wazima watupu angeweza kuwa mbwa mzuri kabisa. Kufiwa na mwenyeji wake, kuhamahama kwa familia au kuishiwa uwezo ni sababu za kawaida na hazina doa. Mbwa wengi wazee hutolewa kwa sababu kama hizo.

Hatua ya 3: Mtazame kwa macho yako, mara zaidi ya moja

Ziara ya kwanza nenda bila mtoto. Mtembeze, mguse taratibu mwili mzima ukianzia kifuani, kisha simama na uondoe mkono. Mbwa anayetaka zaidi atakusogelea, atakuegemea au atakugusa kwa pua. Asiyetaka atatulia kama gogo au atageuza uso. Mpigie sauti ya mtoto akilia kutoka kwenye simu, kwa sauti ndogo kwanza. Kutega masikio na kuuliza kwa macho ni sawa, na kutojali ni bora zaidi. Kuhangaika, kukazia macho simu bila kupepesa au kubweka kusikokoma ni dalili za kukufanya utafute mwingine.

Ziara ya pili mpeleke mtoto, mahali ambapo si makazi ya mbwa wala si kwako. Mtu mmoja ashike kamba, mwingine amshike mtoto. Tembeeni upande mmoja, sambamba, mkiachana mita kadhaa, na msogeleane polepole kadiri mbwa anavyolegea. Msimpeleke mtoto kwa mbwa. Mwacheni mbwa aamue kuja. Hapa ndipo tofauti ya kufurahia na kuvumilia inapoonekana: anayefurahia huja mwili ukiwa laini, mkia na kiuno vikicheza pamoja, hunusa, huenda kando, kisha hurudi mwenyewe. Anayevumilia hukaa pale alipowekwa na kungoja yaishe. Watu humsifu huyu wa pili kwamba ametulia sana. Hajatulia, amejikaza.

Kama mnaweza, rudieni mkutano saa ya jioni mtoto akiwa amechoka na ana kelele, maana hiyo ndiyo saa mtakayoishi nayo kila siku. Na ulizeni kama mnaweza kukaa naye wiki chache kwa majaribio kabla ya kutia saini. Vituo vingi hukubali, na mtoaji mwenye nia njema hana sababu ya kukataa.

Hatua ya 4: Daktari wa mifugo kabla ya mapenzi

Uchunguzi huu usiahirishwe mpaka "akishazoea". Maumivu ni moja ya sababu kubwa za mbwa aliyekuwa mwema kubadilika. Mbwa mwenye baridi yabisi ya nyonga akiangukiwa na mtoto mgongoni anaumia kweli, naye hana mdomo wa kusema.

Mwombe daktari atazame viungo na uti wa mgongo, meno na fizi, macho (mtoto wa jicho ni jambo la kawaida uzeeni), masikio na uwezo wa kusikia, moyo, na uvimbe wowote chini ya ngozi. Vipimo vya damu na mkojo huonyesha hali ya figo, ini na sukari. Jike ambaye hajafungwa kizazi ana hatari ya kupata maambukizi ya mfuko wa uzazi uzeeni, ambayo humuua asipowahiwa, hivyo uliza kuhusu upasuaji huo.

Papo hapo malizeni chanjo: kichaa cha mbwa kwanza, kisha distempa, parvo na homa ya mgunda kulingana na ushauri wa daktari. Apewe dawa ya minyoo na kinga ya viroboto na kupe. Ratiba ya kawaida ya minyoo kwa mbwa mzima ni kila miezi 3, lakini penye mtoto mdogo daktari anaweza kuikaza zaidi. Mbwa akiandikiwa dawa ya maumivu, ifungie kabatini: vidonge vingi vya mbwa hutiwa ladha ya nyama, na mtoto anayeonja kila kitu hataona tofauti na peremende. Nawe usithubutu kumpa mbwa parasetamo au ibuprofeni zenu. Zinaweza kumuua.

Hatua ya 5: Gawanya nyumba

Kabla mbwa hajavuka mlango, awe na mahali pake ambapo mtoto hafiki. Kona ya sebule haitoshi kama mtoto anaweza kutambaa hadi hapo. Panatakiwa kizuizi: kigeti cha watoto mlangoni, chumba kidogo chenye mlango, au uzio wa ndani. Weka humo godoro nene lisilolowa kwa urahisi, maji, na kitu cha kutafuna. Sheria ya mahali hapo ni fupi: mbwa akiwa humo, hakuna anayemgusa wala kumwita, si mtoto, si mgeni, si wewe unayetaka kumbusu usiku mwema.

La pili ni njia za kutokea. Mbwa akibanwa kati ya kochi na ukuta huku mtoto akija mbele yake hana pa kwenda, na mbwa asiye na pa kwenda huanza kujitetea. Sogeza samani ili kila mahali anapopenda kulala pawe na njia mbili. Mlango wa jikoni, korido na chini ya meza ndipo panapobana zaidi.

Sakafu laini ya vigae humtesa mbwa mzee, kwa sababu miguu ya nyuma huteleza na kumfanya atembee kwa woga. Tandika mazulia yasiyoteleza kwenye njia zake. Kucha zake ziwe fupi.

Vichezeo vya mtoto na vya mbwa viwe na masanduku tofauti. Midoli ya manyoya ya mtoto haina tofauti yoyote machoni pa mbwa na ile uliyomnunulia yeye, na ugomvi wa nani mwenye mdoli huisha vibaya. Mipira midogo na vipande vya plastiki ni hatari kwa koo za wote wawili.

Hatua ya 6: Siku ya kuwasili na wiki zinazofuata

Chagua siku tulivu. Msialike jamaa waje kumwona. Mtoto asingoje mlangoni akishangilia. Afadhali awe amelala au ametoka na mtu. Mtembezeni mbwa nje kwanza ajisaidie, kisha mwingizeni akiwa na kamba, azungushwe vyumba kimoja baada ya kingine, aonyeshwe maji na godoro lake, aachwe apumzike. Mtoto akirudi, kazi yake siku hiyo ni moja: kumpuuza mbwa. Ni kazi ngumu kwa mtoto, kwa hiyo mpe shughuli nyingine mikononi.

Waokoaji wa mbwa wana kipimo chao cha kukadiria: siku 3 za kutulia, wiki 3 za kushika ratiba, miezi 3 za kujiona yuko kwake. Si sheria, ila kinasaidia kuelewa jambo moja linalowashangaza wengi. Mbwa wa siku za kwanza, kimya na mtiifu, si lazima awe mbwa halisi. Baada ya wiki mbili tatu akijihisi mwenyeji ndipo anapoonyesha kwamba kochi ni lake au kwamba hapendi mlango kufungwa kwa kishindo. Kwa hiyo usilegeze vizuizi wiki ya pili kwa sababu "mbona hana neno". Huo ndio wakati wa kuvikaza.

Chakula kibadilishwe polepole kwa siku 7 hadi 10, ukichanganya cha zamani na kipya, ili tumbo lisiharibike. Mlishe nyuma ya kigeti, saa zilezile, na bakuli liondolewe akimaliza. Mtoto naye ale kwenye kiti chake mbwa akiwa kwingine, kwa sababu mtoto ni mvua ya makombo, na si makombo yote ni salama: chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji na vitunguu saumu ni sumu kwa mbwa. Peremende na ubani usio na sukari wenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni hatari hata kwa kiasi kidogo. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, usimpe.

Sasa jambo ambalo familia nyingi hulifanya kinyume bila kujua. Mtoto akilala, mbwa hukumbatiwa, huitwa, hupewa vitu vitamu. Mtoto akiamka, mbwa husukumwa, hukaripiwa, hufungiwa. Baada ya wiki kadhaa mbwa amejifunza somo lililo wazi: mtoto akija, mema yanaondoka. Geuza hesabu hiyo. Mtoto anapoingia chumbani, mrushie mbwa kipande kidogo cha kitu anachokipenda. Mtoto anapocheka kwa sauti, kipande kingine. Mtoto anapolala, mwache mbwa naye alale. Hakuna mafunzo rahisi kuliko haya, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote.

Hatua ya 7: Mtu mzima awe katikati

Kusimamia si kuwa jikoni huku ukiwasikia, wala si kuwa kwenye kochi na simu mkononi. Kusimamia ni kuwa umbali wa kunyoosha mkono, ukiwatazama wote wawili. Ukishindwa kufanya hivyo kwa sasa, funga kigeti. Hakuna hali ya tatu. Watoto wadogo wengi wanaoumwa na mbwa huumwa nyumbani, na mbwa wanayemjua, na majeraha yao huwa kichwani, usoni na shingoni kwa sababu ndiko uso wa mbwa unakofika.

Kukumbatia na kubusu ndiyo mambo ninayoyakataza bila kubembeleza. Mbwa hakumbatiani na mbwa mwenzake. Mikono inayozunguka shingo na uso unaosogezwa puani ni kubanwa, na mbwa mwingi unayemwona "akitabasamu" kwenye picha za kukumbatiwa anaonyesha weupe wa jicho na mdomo uliokazwa. Mtoto hawezi kuliona hilo mwenyewe. Tafiti zimeonyesha kwamba watoto wa umri wa chekechea mara nyingi humtazama mbwa aliyetoa meno kwa hasira wakasema anacheka. Usitegemee, basi, kwamba mtoto "ataelewa tu mbwa akichukia".

Mfundishe mtoto vitendo, si makatazo matupu. Kwanza, mbwa huitwa, hafuatwi. Asipokuja, hataki, na mchezo umeisha. Pili, anamkuna kifuani au ubavuni, si juu ya kichwa, huku mkihesabu pamoja: moja, mbili, tatu, mkono unaondoka. Mbwa akisogea kuomba zaidi, mnahesabu tena. Akibaki alipo au akigeuka, mnamwambia asante na kuondoka. Watoto hupenda mchezo huu kwa sababu una wimbo na jibu. Tatu, mbwa aliyelala, anayekula au aliye kwenye godoro lake haguswi. Wahenga walisema ukimwamsha aliyelala utalala wewe, na kwa mbwa mzee aliyepungukiwa masikio maneno hayo yachukueni yalivyo: anaweza kushtuka na kuuma kabla hajafumbua macho.

Mtoto wa miaka minne hivi anaweza pia kujifunza "kuwa mti": mbwa yeyote akimkimbilia au kumrukia, asimame wima, mikono aikunje kifuani, atazame miguu yake, asipige kelele wala kukimbia. Fanyeni mazoezi bila mbwa.

Kumpanda mbwa mgongoni, kumvuta mkia au kumchomeka kidole sikioni si utundu wa kuchekesha, hata kama mbwa hajasema kitu. Mwondoe mtoto mara moja, kila mara, bila fujo. Mbwa anatakiwa ajifunze kwamba wewe utamtetea, ili asilazimike kujitetea.

Hatua ya 8: Mfunze mbwa, umri si kisingizio

Samaki mkunje angali mbichi, lakini mbwa si samaki. Mzee hujifunza, na mara nyingi hujifunza kwa utulivu zaidi kwa sababu hababaishwi na kila ndege anayepita. Vipindi viwe vifupi, dakika tatu hadi tano, kwa zawadi ndogo za chakula, bila kelele wala kipigo. Maagizo manne yanatosha: kuja akiitwa, kuachia au kuacha kitu, kwenda kwenye godoro lake, na kusogea kando mtu anapopita. Kwa mbwa asiyesikia vizuri tumia ishara za mkono, na umwamshe kwa kukanyaga sakafu kwa nguvu kidogo akiwa mbali, si kwa kumgusa.

Kama kuna wasiwasi wowote, mzoeshe kuvaa kizuizi cha mdomo kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Hakimtii aibu mtu yeyote. Ila hakiondoi haja ya kusimamia.

Jinsi anavyosema "sitaki"

Mbwa haanzi kwa kuuma. Kwanza hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo ilhali hana usingizi, hugeuza kichwa. Kisha huonyesha weupe wa jicho, hulaza masikio, hufyata mkia, hujaribu kuondoka. Asiposikilizwa huganda, mwili wote ukakakamaa, na kuganda huko ni hatari kuliko kubweka kwingi. Ndipo hunguruma, huonyesha meno, hung'ata hewani, huuma. Mbwa mwenye maumivu anaweza kuzipita hatua kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Akinguruma, usimpige na usimfokee. Ameonya, na onyo ndilo ulilokuwa unalihitaji. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma huacha kunguruma, lakini kinachomkera kiko palepale, na siku nyingine atauma bila taarifa. Mwondoe mtoto kwa utulivu, mpe mbwa nafasi, kisha jiulize: alikuwa wapi, nani alimkaribia, alikuwa na nini, aliguswa wapi? Andika. Halafu mpigie daktari wa mifugo ili maumivu yachunguzwe kwanza, ndipo utafute mtaalamu wa tabia anayefundisha bila ukatili.

Usafi, minyoo na jeraha la kuumwa

Kinyesi kiokotwe kila siku. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa hayaambukizi kinyesi kikiwa kibichi, huhitaji wiki mbili hivi au zaidi udongoni ili yakomae, kwa hiyo anayeokota mapema huikata njia hiyo. Sanduku la mchanga la mtoto lifunikwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kucheza na mbwa. Kagua kupe kila mrudipo kutoka matembezini, hasa masikioni, kati ya vidole na chini ya mkia.

Mbwa akimuuma au kumkwaruza mtoto, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, zitimie kweli, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, lakini chanjo inayotolewa mara baada ya kuumwa huzuia ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Nendeni na cheti cha chanjo cha mbwa, maana kinamsaidia daktari kuamua. Mbwa huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10, lakini matibabu ya mtoto hayangoji siku hizo ziishe isipokuwa daktari aseme. Ulizeni pia kuhusu pepopunda.

Miaka inavyosonga

Mpeleke kwa daktari kila miezi 6, si mara moja kwa mwaka, kwa sababu mwili mzee hubadilika haraka. Kuna mabadiliko ambayo yakianza, mipaka na mtoto ipangwe upya: kushindwa kupanda ngazi, kunung'unika akiinuka, kuacha kula chakula kigumu, kuzunguka ovyo usiku, kukwama kwenye kona kama aliyesahau njia, kukojoa ndani ilhali alikuwa mstaarabu. Hizi mbili tatu za mwisho zinaweza kuwa dalili za akili kuchakaa kwa uzee, na ipo dawa na utunzaji wa kupunguza makali. Usimwadhibu kwa mkojo. Mtoe mara nyingi zaidi.

Mtoto ataona kuzeeka huku kwa karibu, na huenda mbwa akafa mtoto akiwa bado mdogo. Siku hiyo tumia neno lenyewe, "amekufa", na ueleze kwamba mwili wake umeacha kufanya kazi na hatarudi. Usiseme "amelala" wala "ameenda safari", kwa sababu mtoto mdogo huyachukua maneno yalivyo, akaanza kuogopa kulala au kuhofia kila anayefunga mizigo. Atauliza swali lilelile mara nyingi. Mjibu vilevile kila mara.

Ikishindikana

Wakati mwingine mnafanya yote na bado mbwa anajificha mtoto akiingia, hataki kula vizuri, au anazidi kunguruma wiki baada ya wiki ingawa daktari hakuona ugonjwa. Hapo msingoje tukio. Mtoaji ajulishwe mapema, na tangu siku ya kutia saini mkataba useme wazi kwamba mtamrudisha kwake, si kumwacha barabarani wala kumpa mtu yeyote anayepita. Wakati mnasubiri, mtenganisheni mbwa na mtoto kwa mlango uliofungwa, si kwa kigeti peke yake. Mkabidhini pamoja na dawa zake, chakula cha siku kadhaa, godoro lake, na karatasi yenye kila mlichokiona: anapenda nini, anaogopa nini, alinguruma lini na kwa sababu gani. Msipunguze chochote ili apate nyumba upesi, maana familia itakayomfuata inaweza kuwa na mtoto pia.